Muuaji mzee karudi Pemba: jibu kwa msomaji wa Wete

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Wete, nalifupisha mana barua yenyewe ndefu: "Mwalimu shikamoo. Naandika riwaya. Mzee Faki, miaka 70, alikuwa muuaji wa kukodiwa Afrika Kusini, kaua watu 40, anarudi Pemba kutaka radhi kwa dada yake Bi Time na binti yake Raya aliemwacha mchanga. Wabaya wake watano wanamfata, wanapigana risasi bandarini Mkoani, anafia mikononi mwa Raya na Raya anamsamehe. Watu watatu wamesoma, wote wananambia haiaminiki ila hakuna anaesema wapi haiaminiki. Wapi mwalimu?"

Marahaba mwanangu. Sura ulizonitumia nimezisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu nyekundu, na kwanza nikutoe wasiwasi, hao watakaokwambia "Pemba hakuna mambo hayo" usiwaskize, Pemba kuna watu na penye watu pana kila kitu. Tatizo lako liko pengine kabisa. Mzee wako anaomba radhi kwa watu ambao hawamdai. Dada yake hakumuua, binti yake hakumuua, wale aliowaua wana watu wao na hao hawamo hata ukurasa mmoja. Msomaji wa kwetu alielelewa chuoni (chuo cha Kurani) anajua tangu ana miaka saba kuwa haki ya Mungu ni mbali na haki ya mja ni mbali, sasa ukimletea mzee analia kwenye bega la mwanawe halafu kitabu kinakwisha, hata kama hawezi kukueleza, roho yake inakataa. Hapo ndipo haiaminiki.

Lkn kabla hatujafika huko tumpunguze kwanza huyu Faki, mana umemfanya jini.

Wataalamu wa uhalifu wa chuo kikuu cha Birmingham City kule Uingereza walichapisha utafiti 2014 kuhusu wauaji wa kukodiwa nchini mwao kutoka 1974 mpaka 2013, wakapata kesi 27. Wastani wa malipo pauni 15,180, na ya chini kabisa pauni 200. Pauni 200 mwanangu, roho ya mtu kwa bei ya baiskeli! Wastani wa umri wao miaka 38, na mkubwa kuliko wote alikuwa 63. Wakawagawa mafungu manne ambayo mie nayaita mwanagenzi, mbabaishaji, fundi wa kawaida na bingwa, na bingwa ndie adimu kwenye makaratasi kwa sababu hakamatwi. Na mauaji mengi hayakuwa ya kwenye mahoteli wala makasino, yalikuwa nje mtaani mchana, watu wanapita na mbwa wao na vikapu vya sokoni. Kwa hio zile suti nyeusi na simu zinazochomwa moto kila baada ya kazi, toa. Na ile bastola yenye kizuia sauti inayolia "kama mtu anapiga chafya" pia toa, kile kidude kinapunguza desibeli 20 mpaka 30 hivi na mlio wa bastola wenyewe unapita 150, chafya gani hio.

Afrika Kusini umechagua vizuri sana ila hukuitumia. Kule muuaji wa kukodiwa wanamwita inkabi, neno la Kizulu, maana yake ng'ombe maksai. Mwisho wa miaka ya 80 serikali yao ilifungua biashara ya usafiri, vyama vya wenye teksi (teksi zao ni vipanya kama daladala zetu) vikaanza kugombania njia, na ugomvi wa njia ukawa unamalizwa kwa risasi, na mpaka leo hawajaacha. Sasa kijana wa Pemba anaefika Durban mwanzo wa miaka ya 90, nyumbani bei ya karafuu imeanguka, hana karatasi, anaosha vipanya kwenye stendi, siku moja mwenye vipanya anamwambia kuna kazi ndogo. Hio ndio njia yake ya kuingia. Hana chuo cha ujasusi wala hajapigana jeshini. Ni maksai, analima shamba la mtu. Na umri wake mfanye 60 na kidogo, sio 70, na usimrushe kwenye mabati ya Mji Mkongwe kama sura ya pili, atavunjika nyonga tukose kitabu. Mpe mtoto wa jicho jicho la kulia. Aombe mtoto wa jirani amtilie uzi kwenye sindano halafu amwangalie anavyotia, basi, sisi tutaelewa alikuwa analitumia jicho hilo kwa kazi gani.

Jengine dogo la sheria nilimalize hapa mana linaharibu sura yako ya tisa. Umempeleka Faki kwa kadhi akahukumiwe kwa kuua. Kadhi wa Zanzibar anahukumu ndoa, talaka, mirathi, malezi ya watoto, mambo hayo. Kesi ya kuua inakwenda Mahakama Kuu ya Zanzibar, anaeshitaki ni Mkurugenzi wa Mashtaka wa Zanzibar, na polisi ni wa Muungano. Kadhi mwache apumzike. Na sheha, yule kiongozi wa serikali wa mtaa, usimsahau, umeandika Faki kakaa miezi miwili Konde na hakuna anaemjua. Konde! Mtu akishuka gari pale na begi, kabla hajafika mlangoni keshaulizwa mtoto wa nani, na akijibu kwa jina la uongo atatajiwa ukoo mzima wa hilo jina ili akosee. Sheha ana daftari lake, akitaka kitambulisho cha mkaazi lazima apite kwake, na sheha atauliza kwa upole kabisa, mzee miaka thalathini ulikuwa unafanya kazi gani huko? Hofu yako ianzie hapo kwenye hilo swali, halina bunduki lkn Faki hana jibu lake.

Sasa toba.

Ile hadithi ya mtu alieua watu 99 kila mmoja wetu kaiskia darsani: akamuuliza mtawa kama ana toba, akaambiwa huna, akamuua akatimiza 100, akenda kwa mwanachuoni akaambiwa toba ipo, toka mji wako wa shari nenda kwa watu wema, akafia njiani, malaika wakapima masafa akakutwa yuko karibu na kule alikokuwa anakwenda kwa shubiri moja. Wewe umeitia kama mawaidha ya imamu, kurasa tatu nzima, mie nakwambia itoe maneno yote uibakishe ile shubiri tu, kichwani mwako, uijue wewe mwandishi, mana ndio umbo la kitabu chako, mtu anaefia njiani.

Na kuna kitu hukukigusa kabisa na kiko kwenye vitabu tunavyosomeshwa. Sisi wengi wetu ni Mashafi. Kwa madhehebu ya Shafi alieua kwa makusudi juu yake kuna kafara pia (kafara ya sharia, usije ukaniletea mganga na kuku), na madhehebu mengine matatu, kwa kauli yao mashuhuri, yanasema ya makusudi haina kafara ya lazima, dhambi yake imepita hapo. Kafara yenyewe ni kuacha mtumwa huru, na kwa kuwa watumwa hawapo, ni kufunga miezi miwili mfululizo. Akikatisha siku moja bila udhuru anaanza upya. Miezi miwili kwa kila roho.

Umeona unachokipata hapo? Mzee amerudi kwa dada yake, hasemi kitu, na anafunga. Huna haja tena ya daftari la siri wala picha za marehemu ndani ya sanduku la chuma, idadi ya watu aliowaua inahesabika jikoni, kwa futari. Ila 40 haitowezekana, 40 ni miezi 80, atakufa yuko wa kumi na wewe utachoka kabla yake. Wafanye wanne. Hebu hesabu na mimi, Mfungo Mosi ndio mwezi unaofata Ramadhani: Mfungo Nne na Tano mtu wa kwanza, Mfungo Sita na Saba wa pili, Mfungo Nane na Tisa wa tatu, Rajabu na Shaabani wa nne, halafu Ramadhani inaingia anafunga na watu wote. Mwaka wa kiislamu umekupangia sura zako bure.

Na mpelelezi wako ni Bi Time. Wewe umemleta inspekta kutoka Dar mwenye koti la ngozi, Pemba hii na joto lote hili. Riwaya ya upelelezi ya Zanzibar ilianza na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, kitabu cha kwanza kilitoka 1960, na Bwana Msa silaha yake ilikuwa kiko na akili ya kuuliza. Bi Time hana hata kiko, ana sufuria. Mwezi wa kwanza anafurahi, kaka kageuka mcha Mungu. Mwezi wa pili anaanza kumtania, mana hajui kuna kafara ya kuua, anaijua ile ya mtu alieharibu Ramadhani kwa kumwingilia mkewe mchana, na hio nayo ni miezi miwili, kwa hio anacheka peke yake jikoni, hee kaka yangu huyu utu uzima haujamtuliza. Miezi miwili inakwisha, Bi Time anamwekea chakula cha mchana, Faki hali, kafunga tena. Mfungo Sita maulidi kila kijiji, pilau imepakuliwa adhuhuri, anaosha mikono na watu halafu anajitia anazungumza na mtoto. Bi Time anaona. Kicheko kinapungua.

Nikuandikie kipande uone nnachosema, ukikitaka kitumie, hakina jina langu.

Wamekaa barazani na jamvi la karafuu katikati, alasiri imekwenda. Bi Time anachambua kama anavyopumua, anashika kishada, anakisokota kwenye kiganja, karafuu zinaanguka kulia, konyo linatupwa kushoto. Faki anafanya taratibu, anakileta kishada karibu na jicho zima. Vidole vyake vimekuwa vyeusi.

"Ya tatu hii," Bi Time kasema.

"Pishi ya tatu?"

"Funga."

Faki akatupa karafuu kwenye makonyo. Akaiokota, akaitia palipo pake.

"Nlimuuliza mwalimu wa darsa," Bi Time kasema. "Nkamwambia kuna mtu yuko mbali, si wa hapa. Nkamuuliza kafara ya miezi miwili iko ya mambo mangapi. Kanitajia. Nkamwambia basi mwalimu, yatosha."

Muadhini akakohoa kwenye spika, bado hajaanza. Bi Time akanyanyuka, akarudi na kikombe cha uji na tende tatu kwenye kisahani, akaviweka juu ya jamvi, mbali kidogo na mkono wake.

"Bado ngapi kaka?"

Ishia hapo. Usimjibishe. Na uangalie sikutia "machozi yalimtiririka", kwako machozi yanatiririka mara kumi na moja, nimehesabu.

Sasa pesa, na hapa ndipo nataka ukae sana mana ndipo familia inapoingia kwenye damu kwa miguu yake. Faki miaka yote hio alikuwa anatuma, si ndio? Umeandika mstari mmoja tu, "alikuwa akiwatumia pesa", ukapita zako. Rudi! Pesa hizo zilifika kwa mkono wa watu, zikageuka bati, zikageuka kisima, ada ya Raya mpaka kamaliza, na zimempeleka mama yao Hija. Mama kafa akiitwa Bi Hajati. Siku Bi Time akishajua, kitu cha mwanzo kitakachomuuma hakitokuwa wale marehemu wa Durban, binaadamu ndivyo tulivyo, itakuwa Hija ya mama. Ataulizia. Ataambiwa kwa Shafi Hija ya pesa ya haramu inasihi, faradhi imeanguka, dhambi ni ya mwenye kujua na marehemu hakuwa akijua, na kuna wanavyuoni wengine walioona haisihi kabisa. Atashika ile ya kwanza mchana na usiku ataota ile ya pili. Na Raya, ambae umemfanya mwalimu wa skuli, shahada yake imelipwa na roho ya mtu, na kila mwisho wa mwezi anapokea mshahara wake wa halali juu ya hio shahada. Mtu huyu atamsamehe baba yake bandarini kwa dakika mbili? Haiwezekani, kwanza hajui yeye mwenyewe anasimama wapi.

Niliwahi kusahihisha mchezo wa redio wenye kisa karibu na hichi, muandishi akataka baba arudishe pesa zote msikitini kisha watu wakashangilia, na mie nilikuwa kijana nikamwachia ikapita. Bi mmoja akanisimamisha Darajani sokoni akaniuliza, kwani msikiti ndio uliofiwa? Mpaka leo nikipita pale nageuza uso.

Wale wabaya watano. Watano wengi, watashuka boti Mkoani na madereva wa gari za abiria watawagombania na usiku huo huo kisiwa kizima kinazungumza habari zao. Mlete mmoja, na awe mzee kama Faki, maksai mwenziwe, waliofanya kazi pamoja. Apitie njia za magendo ya karafuu, mana karafuu zetu mnunuzi wake kwa miaka mingi ni shirika la serikali na ndio kila bei ikiwa nzuri Mombasa kuna mashua zinazotoka usiku, sasa mashua inayopeleka karafuu inarudi na nini? Hakuna anaeuliza. Anafika, anapiga hodi, anasema mimi rafiki yake Faki wa Durban. Unajua kitakachotokea. Atakaribishwa. Mgeni ni mgeni, atapewa chumba, atawekewa maji ya kukoga, atapikiwa mchuzi wa pweza, na Bi Time ataona haya kumuuliza unaondoka lini. Wazee wawili wanaojuana kwa ubaya wanalala nyumba moja na mmoja wao kaja kumuua mwenziwe, na watoto wa jirani wanamwita babu.

Halafu inakuja sinia. Adhuhuri, wali umepakuliwa, mgeni kaketi, na mwenyeji wake hali. "We kula tu, mie nimefunga." Mtu alieishi kazi ile miaka thalathini akiambiwa kula tu mie sili, atafikiria nini? Atajua mna sumu. Atarudisha tonge. Na Bi Time atachukia kweli kweli, chakula changu kina nini, ataketi ale yeye mbele yake, sinia zima. Mie hapo nlicheka peke yangu nkifikiria. Una sura nzima ya kitisho bila bunduki kutolewa, na yote imetoka kwenye funga ile ile. Baadae mgeni akishakubali kuwa kweli huyu anafunga, atataka kujua kwa nini, na Faki ndie mtu pekee duniani anaeweza kumwambia ukweli, kwa sababu na yeye anadaiwa. Atazihesabu za kwake. Usiniambie sasa hivi atafanya nini, sijui na wewe usiamue mapema, andika mpaka ufike.

Mwisho wako. Risasi za Mkoani futa. Faki afe kabla hajamaliza, ndani ya ule wa nne, siku ya arubaini na ngapi huko, Shaabani imeingia. Afe vipi mie sijali sana, mgeni, moyo, au kateleza kisimani alfajiri na jicho lake lile, ila afe kafunga. Kazikwa, matanga yamekwisha, na Raya hajamsamehe na hajasema neno, na usimsemeshe. Lkn iko hadithi sahihi kutoka kwa Bibi Aisha, aliekufa na ana deni la funga, walii wake, yaani jamaa yake wa karibu, amfungie. Bi Time anaijua. Bi Time ana sukari, daktari kamkataza kufunga. Kwa hio aliobaki ni nani? Bi Time hamwambii Raya fanya, anamwambia idadi tu, zilobaki ni kadhaa, na anaingia ndani kulala.

Ukurasa wa mwisho nauona hivi: saa kumi za usiku, taa ya jikoni inawaka, Bi Time yuko kitandani macho kwenye mbu wa nje ya chandarua, anaskia kabati linafunguliwa, kijiko kinagonga kikombe. Raya anakula daku. Au ana njaa tu, hakupata usingizi. Bi Time hanyanyuki kwenda kutazama.

Nitumie kwanza sura ya sheha, hio ndio ntakayoisoma kabla ya zote, na ukiandika Konde usiiweke tena pwani ya Mkoani, umekosea gari mwanangu, na wewe mtu wa Wete.